Casilda na Maji ya Kasri

Katika mtaa wa Cerro del Águila, mjini Sevilla, ni vigumu kumpata mtu asiyemjua Casilda Barroso. Kwa miaka mingi mama huyu alikuwa na kibanda pembeni mwa soko, akikaanga yale mandazi marefu membamba ambayo Wahispania wengine huyaita churro, na watu wa Sevilla huyaita "yamoto" tu, basi. Alisimama mbele ya karai la mafuta tangu alfajiri, kiangazi na kipupwe, na majirani walizoea kumtania kwamba siku akifa Jehanamu haitampata, maana atafika akiwa ameshazoea na atawaomba waongeze kuni.

Lakini kilichomwangusha hakikuwa moto. Zilikuwa figo. Zilimfia zote mbili polepole, bila maumivu ya kutosha kumshtua, mpaka asubuhi moja miguu ikamvimba hata viatu vikakataa kuingia. Kibanda kikafungwa. Tangu hapo maisha yake yakawa ya kwenda hospitali siku moja na kupumzika siku inayofuata, damu ikitolewa, ikisafishwa kwa mashine na kurudishwa mwilini.

Mashine aliizoea. Sindano alizizoea. Alichoshindwa kukizoea ni kiu.

Mwenye figo zilizokufa hanywi maji apendavyo, kwa kuwa maji hayana pa kutokea. Casilda alipimiwa kidogo kwa siku, na humo humo ihesabiwe supu, kahawa, na hata tikiti maji. Sasa ishi hivyo Sevilla, mwezi wa Julai, jua linapokaanga watu na mapazia ya madirisha yote yako chini tangu asubuhi kama mji uliofiwa. Casilda alinyonya kipande cha limau. Alisukutua akatema, na kutema kule kulimuuma kuliko sindano. Jirani wa chini alipofungua bomba kumwagilia maua yake, Casilda aliziba masikio. Usiku aliota gudulia la udongo la marehemu mama yake, amelikumbatia, linamiminika, na kila alipofungua mdomo akaamka.

Kwenye kiti cha pili hospitalini alikuwapo mzee mmoja, Don Evaristo, aliyefanya kazi ya bustani katika kasri la wafalme, Alcázar, maisha yake yote. Casilda alizaliwa Sevilla, alikulia Sevilla, na ndani ya kasri hilo hakuwahi kutia mguu. Ukuta wake aliupita mara nyingi akienda mahali pengine. Nani ana nafasi ya kutembelea wafalme ilhali unga unasubiri kukandwa? Basi mzee akawa anamsimulia.

"Kuna dimbwi moja kule bustanini, binti yangu," alimwambia siku moja mashine zikinguruma. "Maji yanatoka juu kabisa ukutani, unene wa mkono huu, yanaanguka dimbwini mchana kutwa. Hayachoki."

"Don Evaristo, nakuomba kwa jina la Mungu, nyamaza. Unaniua."

"Haya, nimenyamaza."

Muuguzi akapita, akaangalia mashine, akaenda zake.

"Yanaanguka kwa sauti gani?" Casilda akauliza.

"Kama watu wanaopiga makofi."

"Endelea basi. Ukishaanza kuua, maliza."

Hivyo ndivyo alivyoijua bustani ile, pembe kwa pembe, kabla hajaiona. Aliyajua mabafu ya chini ya ardhi, ambako ubaridi haukomi hata Agosti. Aliwajua tausi na wizi wao. Mzee alimwambia kwamba wageni wote hutaka kuja majira ya kuchipua, michungwa inapotoa maua, lakini wanakosea. "Njoo kiangazi, jua likiwa limechachamaa. Maji huyaelewi mpaka uwe na joto."

Don Evaristo hakupata figo. Moyo wake ulichoka akiwa bado anasubiri, na Casilda akaenda kumzika, akasimama nyuma ya wanawe asijulikane ni nani. Pale makaburini ndipo alipojiwekea nadhiri kimoyomoyo: siku akipona, atakwenda kuyaona yale maji, na atakwenda kiangazi.

Kupona kwenyewe kuliletwa na mtu ambaye hakuna aliyemtarajia. Leandro, mdogo wake Casilda, ni fundi lipu, mtu wa mzaha tangu kuzaliwa, kifua kama mlango wa ghala; lakini akiona sindano huanguka kama gunia. Mtu huyo alikwenda hospitali kimyakimya akapimwa, akaanguka, akainuliwa, akapimwa tena. Majibu yalipotoka akamfuata dada yake nyumbani.

"Dada, nimekupatia kipuri."

"Kipuri gani?"

"Figo. Imetumika, sikufichi, lakini ilikuwa na mwenyewe mmoja tu na haijawahi kugongwa."

Casilda alipoelewa, alikataa katakata. Leandro ana mke, ana watoto, kazi yake ni ya kupanda majukwaa. Akiugua je?

"Huitaki kwa sababu ni ya Betis," Leandro akasema. "Sema kweli."

Sevilla ina timu mbili za mpira, na mtu huzaliwa na yake kama anavyozaliwa na pua. Casilda alifuata timu ya baba, Sevilla. Leandro alifuata ya mama, Betis. Walikuwa hawajakubaliana juu ya jambo hilo hata siku moja.

"Naam, heri nife kuliko kubeba kitu cha Betis tumboni."

"Kufa utakufa, dada, lakini si kwa kiu." Kisha Leandro akaacha kucheka. Akaishika mikono ya dada yake, ile yenye makovu ya mafuta. "Mama alipokufa nilikuwa bado navuja kamasi. Nani alinilisha? Unadhani mwili huu ulijengwa kwa kitu gani kama si mandazi yako? Usiseme unanichukulia. Chukua kilicho chako."

Casilda akakubali. Wakapasuliwa siku moja, vyumba viwili jirani, na figo ya Leandro ikaanza kazi kabla hata hawajamaliza kumshona dada yake. Muuguzi akamletea gilasi ya maji. Akamwambia anywe. Akamletea nyingine, akamwambia aongeze, kuanzia leo kunywa ndiyo dawa. Casilda aliinywa huku akitazama mlango, kama mwizi anayechelea kufumaniwa.

Lakini kukawa na jambo moja. Neno asante lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Kila alipolianza, Leandro alilikatiza kwa mzaha. "Asante ya nini? Nishukuru Betis ikishinda, maana sasa mwaka mzima nusu yako inashangilia." Watu wanacheka, mazungumzo yanageuka, na Casilda anarudi nyumbani na mwiba wake. Angeandikaje asante ya namna hiyo, hata kama angeweza kuandika? Angepika nini kinacholingana?

Kiangazi kilichofuata, mwishoni mwa Julai, redio ilipotangaza kwamba watu wasitoke nje mchana ila kwa dharura, Casilda akampigia simu mdogo wake.

"Kesho nipeleke Alcázar."

"Umesikia redio?"

"Nimeisikia. Ndiyo maana nasema kesho."

Waliahidiana kukutana mapema, kabla jua halijakomaa. Leandro akachelewa, kama kawaida yake, na walipofika langoni lami ilikuwa tayari imeanza kulainika chini ya viatu. Casilda alikuwa amevaa mikono mirefu na kofia pana kama sinia, kwa sababu dawa anazokunywa hazipatani na jua. Begani alining'iniza mfuko wenye chupa za maji.

"Dada, tunakwenda kwa mfalme au tunavuka jangwa?"

"Beba mfuko, unyamaze."

Mlinzi wa lango alizitazama hati zao, akaona wote wawili ni wazaliwa wa mjini, wasiolipa kiingilio.

"Mara yenu ya kwanza?" akauliza. "Na mmezeekea hapa hapa?"

"Tulikuwa tunasubiri mpake rangi," Leandro akamjibu, na mlinzi akawapungia mkono wapite.

Waliingia katika ua wenye nguzo nyembamba na kidimbwi kirefu katikati, na kuta zake, kutoka usawa wa kichwa kwenda juu, zilikuwa zimejaa nakshi za lipu, jani ndani ya jani, nyota ndani ya nyota. Mtu aliyepaka lipu maisha yake yote alisimama pale mdomo wazi. Alisogea ukutani, akainua kidole, akakumbuka hairuhusiwi kugusa, akakishusha.

"Hawa hawakuwa na bosi wa kuwaharakisha," akasema hatimaye kwa sauti ndogo. "Na mimi mteja ananiuliza kwa nini sijamaliza sebule."

Karibu nao alikuwa amekaa mama mmoja wa makamo, kilemba cha maua kichwani, akijipepea kwa karatasi. Alikuwa akisoma ukuta, midomo ikicheza. Casilda, ambaye hajawahi kukutana na mtu akashindwa kuongea naye, akamwuliza yale yote ni maandishi kweli au ni mapambo.

"Ni maandishi, mama, ya Kiarabu," yule akajibu kwa Kihispania safi cha watu wa Tetuán, ng'ambo ya bahari. Jina lake Naziha. Alikuja kumsalimia binti yake aliyeolewa Sevilla, na binti yuko kazini. "Hapa pamesifiwa sultani wao. Hapa, ufalme ni wa Mungu. Na hili dogo linalorudiwarudiwa ni afya. Afya ya kudumu. Wanamwombea mwenye nyumba."

"Afya tu? Si dhahabu, si vita?"

"Afya. Ukiikosa utajua kwa nini."

Casilda aliitazama ile mistari midogo inayozunguka ukuta mzima, neno lile lile likifuatana na jenzake. Alitaka kumwambia huyu mgeni kila kitu. Akaishia kumwambia, "Mimi naijua sababu," akampa chupa moja ya maji. Naziha akaipokea kwa mikono miwili.

Bustani waliifikia jua likiwa utosini. Nje ya kivuli hewa ilikuwa kama mdomo wa tanuri, na hata tausi walikuwa wamejikunyata chini ya vichaka, mikia mavumbini. Casilda alitangulia. Hakuuliza njia. Akapita lango, akashuka, akakunja kona, na sauti ikamfikia kabla hajaona kitu. Akasimama.

Maji yalikuwa yakitoka juu ukutani, yakianguka dimbwini bila kukoma, na makofi yake yakajaa mahali pote. Don Evaristo hakuongeza chumvi hata punje. Samaki wakubwa walikuwa wakizunguka chini yake, na matone yalirukia kingo, yakakauka kabla hayajatulia.

Casilda alivua kofia. Akafungua chupa, akanywa. Hakunywa kwa adabu; alinywa kama anavyokunywa mtoto aliyetoka kucheza, maji yakimtiririka kidevuni na kuingia kifuani, akapumua, akanywa tena mpaka chupa ikaisha. Machozi yalimtoka. Aliwaza viti vile vya hospitali, na mzee aliyekuwa akimwagilia watu bustani kwa maneno. Akasema kwa sauti, bila kujali nani anamsikia, "Nimeyaona, Don Evaristo. Ni kweli yanapiga makofi."

Kisha akageuka kumwonyesha Leandro, amwambie tazama.

Leandro alikuwa ameshikilia ukuta. Uso wake ulikuwa mweupe kama lipu yake mwenyewe.

"Dada," akasema, "nani anazungusha bustani?"

Akaporomoka, lakini Casilda alimfikia. Miaka ya kubeba magunia ya unga haikuwa imepotea bure. Alimdaka kwapani, akashuka naye taratibu mpaka chini, kichwa chake akakilaza mapajani mwake.

"Umekunywa maji leo? Leandro! Umekunywa?"

"Kahawa," akanong'ona.

"Na chupa zote hizi begani?"

"Nilidhani ni zako."

"Mpumbavu mkubwa wewe! Mwenye figo moja ni wewe pia! Daktari hakukwambia unywe?"

Akamvua shati, akamwagia maji utosini, shingoni, kifuani. Naziha, aliyekuwa akishuka nyuma yao, alimwona, akaja mbio, akatoa mkobani zeituni za chumvi na tende, akamshika Leandro mkono na kumwamuru atafune. Hakuuliza huyu ni nani wala yule ni nani. Hatua chache kutoka pale lipo lango la mabafu ya chini ya ardhi. Wanawake wawili walimwinua fundi kila mmoja upande wake, wakamwingiza humo.

Ubaridi uliwapokea kama shuka lililofuliwa. Lilikuwa pango refu lenye matao, na mwisho wake maji yaliyotulia kabisa, matao yakionekana ndani yake chini juu. Walimkalisha ukutani. Casilda akamnywesha polepole, tama baada ya tama, kama alivyomnywesha utotoni alipokuwa na surua. Mlinzi akaja, akauliza kama aite gari la wagonjwa. Leandro akatikisa kichwa, rangi ikaanza kumrudia. Naziha akasema anakwenda kuwaletea maji mengine, akawaacha.

Leandro alikuwa amefumba macho. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa na nguvu ya kufanya mzaha, na Casilda akaiona nafasi.

"Sasa utanisikiliza," akamwambia. "Usifungue mdomo. Nilikuwa mtu wa kuota maji. Nilikuwa nasikia bomba la jirani nalia. Leo asubuhi nimeamka, nimekunywa maji, nimekojoa, nimekunywa tena, na kila mara nimesema Leandro. Kila gilasi nasema Leandro. Hujui kwa sababu hujawahi kuniacha niseme. Umenirudishia maji, mdogo wangu. Umenirudishia asubuhi zangu. Sina cha kukulipa na sitajaribu. Nataka tu ujue kwamba najua. Asante."

Chozi moja lilimtoka Leandro kando ya jicho, likaingia sikioni. Alitafuta mkono wa dada yake bila kuangalia, akaushika.

"Basi?" Casilda akauliza baada ya muda. "Huna la kusema?"

"Umeniambia nisifungue mdomo."

Casilda akampiga kofi la begani, kisha akacheka, cheko likagonga matao, likarudi. Mwiba ulikuwa umetoka.

Naziha alirudi na maji, wakakaa wote watatu pale ubaridini mpaka joto la nje lilipopungua makali, wakimalizia tende na kusimuliana habari za watoto. Casilda alimwambia hadithi nzima, tangu karai mpaka kisu cha daktari. Naziha alisikiliza, kisha akamgusa Leandro kifuani kwa kidole akasema, "Mungu amweke mama yako peponi, maana kazi yake aliifanya." Leandro akawa mwekundu, safari hii si kwa jua. Walipoachana langoni, Casilda alimwambia siku yoyote akipita Cerro del Águila aulize nyumba ya mama wa yamoto, na Naziha kweli alikuja, wiki iliyofuata, na binti yake, na wakala mpaka wakashindwa kuinuka.

Kiangazi hicho Casilda alirudi kasrini mara nyingi, wakati mwingine peke yake. Aligundua kwamba wazaliwa wa mji wanaweza kuingia wakae tu, bila kutazama chochote. Alikaa kando ya dimbwi na chupa yake. Mlinzi alimzoea, akaanza kumpa habari za tausi.

Vuli ilipofika, Leandro alialika familia nyumbani kwake mchana wa Jumapili, akapika wali wa kamba. Katikati ya chakula mtu mmoja akataja Alcázar, na Leandro akaweka kijiko chini, akajifuta mdomo.

"Msinikumbushe Alcázar. Nilimpeleka dada yangu kule Julai, joto la kuyeyusha kengele. Hakunywa maji huyu, mkaidi! Tumefika bustanini, puu, amezirai mikononi mwangu. Nikambeba. Nikamshusha chini kwenye mabafu, nikamnywesha tama kwa tama mpaka akapata fahamu. Bila mimi, sijui."

Mke wake, Angustias, akamtazama Casilda kwa mashaka. Watoto nao wakamtazama. Meza nzima ikasubiri.

Casilda alijimiminia maji, akanywa.

"Ndivyo ilivyokuwa," akasema. "Bila yeye nisingekuwapo hapa. Hebu nisogezeeni mkate."